Kwenda Kisiwa cha Kati: upepo ndio wenye ratiba

Picha za watu wanaoelea baharini karibu na samaki wakubwa aina ya taa, wale wanaoitwa manta, zimewafikia wengi kupitia simu. Mtu amevaa miwani ya maji, ameuma mrija wa kupumulia, na chini yake samaki mwenye mabawa mapana anapita polepole bila kumjali. Haishangazi mkaazi wa Nawoitorong au Kakuma, anayejua kwamba kaunti yake ina ziwa refu kuliko safari ya siku nzima, akiuliza mbona jambo hilo lisifanyike hapa nyumbani.

Jibu ni kwamba manta ni mnyama wa bahari ya joto, hapatikani Ziwa Turkana, na mahali ambapo wageni wengi hupelekwa ziwani, yaani Kisiwa cha Kati, si mahali pa kuogelea hata kidogo. Lakini safari yenyewe ipo, iko karibu, na mkaazi anaweza kuipanga bila kwenda Nairobi. Inafanana na ile ya pwani kwa jambo moja ambalo wapangaji wengi hulisahau: siku na saa ya kuondoka haiamuliwi na msafiri bali na upepo.

Kwa anayetaka manta hasa

Yeyote ambaye moyo wake uko kwa manta hana budi kufika Bahari Hindi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Lodwar. Kuna hifadhi za bahari za Malindi na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, zilizoanzishwa mwaka 1968, na ile ya Kisite-Mpunguti huko Kwale, ambayo boti zake huondokea Shimoni. Kuogelea kwa miwani na mrija juu ya matumbawe ni jambo la kawaida huko na vifaa hukodishwa. Kumwona manta ni bahati. Huonekana misimu fulani katika maji ya nje ya matumbawe, na nahodha mkweli hatamwahidi mtu.

Manta hana mwiba wa sumu mkiani kama taa wengine. Mabawa ya aina kubwa zaidi yanaweza kufika mita 7 kutoka ncha hadi ncha, zaidi ya urefu wa Land Cruiser, na bado chakula chake ni viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Ndiyo sababu mtu anaweza kuelea karibu naye. Hashikwi wala hafukuzwi. Ni mnyama aliyepungua sana duniani kwa sababu ya uvuvi.

Watu wa pwani hupanga safari hizi kwa pepo mbili. Wakati wa kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, mawimbi huwa makubwa na maji huchafuka. Familia inayotoka Lodwar mwezi wa Julai ikiwa na miwani mipya huenda ikakaa ufuoni ikitazama mawimbi.

Kisiwa chenye maziwa matatu

Sasa turudi ziwani. Kisiwa cha Kati kina ukubwa wa kilomita 5 za mraba tu, na ni mlima wa volkano uliochomoza kutoka majini. Kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Mwaka 1997, pamoja na Sibiloi, kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Kisiwa cha Kusini kikaongezwa mwaka 2001. Mwaka 2018 UNESCO iliweka hifadhi hizi tatu katika orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa hofu ya yale yanayoweza kulipata ziwa kutokana na mabwawa ya Mto Omo, ambao huleta karibu asilimia 90 ya maji yake.

Anayepanda hadi ukingo wa kreta hukuta ndani ya kisiwa maziwa mengine matatu, kila moja na rangi yake: Ziwa la Mamba, Ziwa la Flamingo na Ziwa la Tilapia. Ni jambo la ajabu kusimama juu ya jivu jeusi, ziwa kubwa likiwa nyuma na ziwa dogo la kijani likiwa mbele. Hapa na pale mvuke hutoka ardhini, kwani volkano haijafa. Mwaka 1974 mvuke wake ulionekana kutoka bara. Ndege ni wengi, wakiwemo wale wanaohama kutoka Ulaya na Asia wakati wa baridi kali huko kwao.

Mamba ndio waliokipa kisiwa sifa. Hapa ni mojawapo ya mahali muhimu pa kuzaliana kwa mamba wa Nile. Jike hufukia mayai mchangani na kulinda kiota chake hadi watoto waanguliwe, na msimu wa kuanguliwa ambao wageni huusubiri ni karibu Aprili na Mei. Hapo ndipo tofauti na manta inapokuwa wazi. Manta humpita muogeleaji kwa sababu muogeleaji si chakula. Kwa mamba, kiumbe kinachojipigapiga majini ni chakula. Miwani na mrija havina kazi hapo. Anayebeba vifaa hivyo kwenda Kisiwa cha Kati abadilishe mzigo, abebe darubini.

Upepo wa Turkana

Kila mtu wa Turkana anaujua upepo. Neno la Kiturkana la upepo, ekuwam, ni jina la watu pia. Lakini kuujua ukiwa Lodwar, unapokujaza vumbi machoni, si sawa na kuujua ukiwa ndani ya boti.

Wanasayansi wa hali ya hewa wameuchunguza upepo huu kwa miaka mingi na kuupa jina la eneo letu, mkondo wa upepo wa Turkana. Hewa inayotoka upande wa Bahari Hindi, kusini-mashariki, hufika kwenye bonde lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya. Bonde ni jembamba, hewa ni nyingi, nayo hubanwa na kuongeza kasi kama maji ya mto yanapofika penye mawe mawili yaliyokaribiana. Mitambo 365 ya umeme iliyosimama ng'ambo ya ziwa, karibu na Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, iliwekwa pale kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo linalowapotosha wageni, na hata wakaazi wasio wavuvi, ni saa. Katika maziwa mengi watu husema ondoka alfajiri, maji yakiwa shwari, upepo utakuja mchana. Mkondo wa Turkana huwa na nguvu zaidi usiku na kuelekea asubuhi. Kuna asubuhi ambapo ziwa huwa limechafuka kabisa jua linapochomoza na kutulia baadaye. Kuna siku lisilotulia. Na wakati wa mvua, Aprili na Mei au tena Oktoba na Novemba, wingu moja la radi linaweza kuleta dhoruba ya ghafla hata kama saa moja kabla ziwa lilikuwa kama kioo.

Tazama pia mwelekeo. Kisiwa kiko mashariki ya Ghuba la Ferguson, umbali wa kilomita 10 hivi, na upepo mkuu hutoka kusini-mashariki. Boti inayokwenda hukutana na mawimbi kwa mbele na ubavuni. Abiria huloa na injini hula mafuta zaidi. Wakati wa kurudi mawimbi husukuma kwa nyuma, na abiria hudhani hatari imekwisha kwa sababu hawaloi tena. Nahodha anajua kwamba wimbi la nyuma linaweza kuigeuza boti iliyopakia vibaya. Ndiyo maana huwakataza watu kusimama kupiga picha wakati wa kurudi, na anapaswa kusikilizwa.

Ziwa hili limechukua watu, wavuvi wazoefu miongoni mwao. Kwa hiyo swali la kwanza katika kupanga safari si bei ya boti, ni kama kundi lina siku ya akiba.

Chukua mfano wa chama cha akina mama kumi na wawili wa Nawoitorong waliochanga kwa mwaka mzima ili waende kisiwani siku ya Jumamosi. Wamekodi gari, wamelipa boti, wamepika chapati usiku. Jumatatu mwenye duka anafungua duka lake na mwalimu anarudi shuleni. Wakifika ufuoni wakakuta mawimbi meupe, nani atasema tusiende? Mwenye boti ameshanunua mafuta. Mweka hazina anafikiria pesa za watu. Kijana wa kuendesha anaona aibu kuwakatalia mama zake. Mara nyingi namna hiyo ndivyo watu huingia kwenye maji ambayo kila mmoja wao, akiulizwa peke yake, angesema hayafai.

Dawa yake hupatikana wiki mbili kabla, si ufuoni. Chama kiweke siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na kiende siku ile upepo utakayoruhusu. Makubaliano na mwenye boti yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: malipo ya awali yawe kidogo, na upepo ukizuia, pesa hizo zihesabiwe kwa siku nyingine badala ya kupotea. Wakubaliane pia kwamba nahodha akisema hapana, hakuna wa kumbembeleza. Mwenye boti anayekataa masharti hayo ameshasema jinsi atakavyoamua siku ya mawimbi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa wiki kwa kila kaunti, na unafaa kusomwa siku chache kabla ya kuondoka, ingawa neno la mwisho ni la ufuoni.

Boti na jaketi

Boti huondokea Ghuba la Ferguson, kupitia Kalokol na Longech, na nyingine hutoka Eliye Springs ambako mwendo wa majini ni mrefu zaidi. Mahali pa kupandia hubadilika. Ziwa hupanda na kushuka. Katikati ya miaka ya 1980 ghuba hilo lilikauka, muda mfupi tu baada ya kiwanda cha samaki kujengwa Kalokol kwa msaada wa Norway, na katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kumeza sehemu za ufuo. Ramani ya zamani, au maelezo ya rafiki aliyekwenda miaka sita iliyopita, yasitumike bila kuuliza Kalokol kwanza.

Mashua ya tanga haifai kwa safari hii. Boti iwe na injini, na bora iwe na injini ya pili ya akiba pamoja na kasia, mafuta ya kutosha kwenda na kurudi na ziada, na chombo cha kuchotea maji. Vyombo vya kubeba abiria vinatakiwa kukaguliwa na kupewa cheti na Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, KMA, na abiria ana haki ya kuomba kukiona. Kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, inawajua manahodha wake. Kuuliza huko hakugharimu kitu.

Jaketi la kuokoa maisha ndilo jambo ambalo watu hulichukulia kwa mzaha. Kila abiria awe na lake, limefungwa mwilini kabla boti haijaondoka. Jaketi lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu boti ikipinduka, kwa sababu hakuna atakayepata nafasi ya kulivaa. Mtoto anahitaji jaketi la mtoto. La mtu mzima litapanda usoni na yeye atateleza chini. Majaketi yahesabiwe siku moja kabla, si asubuhi ya safari. Yakipungua mawili, watu wawili wabaki au boti ya pili itafutwe. Anayejua kuogelea avae pia. Kujua kuogelea katika lugga ya Kawalase wakati wa mvua si kujua kuogelea kilomita 5 kutoka nchi kavu.

Ndani ya boti mikono isining'inizwe majini. Kisiwani, kundi litembee nyuma ya askari wa wanyamapori au mwongozaji, lisitembee ukingoni mwa maji, na lisikaribie mchanga uliochimbuliwa, maana huenda ni kiota na mama yuko karibu kuliko anavyoonekana. Kunawa mikono ziwani baada ya kula ni tabia ya nyumbani inayofaa kuachwa nyumbani. Maji ya kunawa yabebwe.

Ada, njia na vibali

Ada ya kuingia hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kupitia eCitizen. Fedha taslimu hazipokelewi. Raia wa Kenya hulipa kiwango chake akionyesha kitambulisho, na viwango hubadilika, kwa hiyo viangaliwe wakati wa kulipa. Ni vizuri kulipa mkiwa Lodwar ambako mtandao ni mzuri, na kuwaarifu KWS mapema ili mwongozaji awepo.

Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni kama kilomita 60. Njiani, kando ya barabara, kuna nguzo za mawe za Namoratunga, zilizosimikwa na watu wa maelfu ya miaka iliyopita. Wenyeji husimulia kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Panafaa kusimama kwa nusu saa wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda.

Anayetoka Kakuma aongeze kilomita 120 hivi hadi Lodwar, na hivyo alale Lodwar au Kalokol usiku wa kwanza. Wakimbizi wanaoishi Kakuma na Kalobeyei wanahitaji kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi, DRS. Kibali kiombwe kabla ya kulipia kitu chochote, na kitaje siku ya akiba pia, la sivyo upepo ukichelewesha kundi, kibali kitakwisha wakiwa ufuoni. Kwa kulala Lodwar kuna hoteli za kila kiwango, pamoja na nyumba ya wageni ya Nawoitorong iliyoanzishwa na kikundi cha akina mama. Wakati wa tamasha la Tobong'u Lore vyumba hujaa, na ni vigumu kupata hata gari.

Kisiwani hakuna duka, hakuna hoteli, hakuna kivuli cha maana. Maji ya ziwa yana chumvi na floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na hayazimi kiu. Lita 4 kwa kila mtu si nyingi katika joto hili. Viatu viwe vya kufunga kwa sababu jivu la kreta huteleza. Kofia, dawa za anayetumia dawa kila siku, na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mwenye ujauzito uliokomaa na mwenye shida ya mgongo wakae Eliye, ambako chemchemi za maji baridi hutoka chini ya mikoma na watoto wanaweza kucheza kwenye maji ya chemchemi wakisimamiwa.

Kabla ya boti kuondoka, mtu mmoja anayebaki nchi kavu aandikiwe majina ya abiria wote, jina la nahodha na saa ya kurudi. Mtandao wa simu katikati ya ziwa si wa kutegemewa. Saa hiyo ikipita bila boti kuonekana, mtu huyo asingoje hadi giza. Awaite BMU na KWS, na apige 999 au 112.